Daftari la BMU Likiingia Kwenye Kompyuta

Kuanzia Mtwapa hadi Ngomeni, katika Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, karibu kila mahali vyombo vinaposhukia samaki pana mtu na daftari lake. Kanuni za mwaka 2007 ndizo zilizovipa vikundi vya usimamizi wa fuo, yaani BMU, nguvu ya kisheria, na kazi mojawapo wanayotarajiwa kuifanya ni kuandika samaki wanaoshushwa: nani kavua, kwa chombo gani, kwa mtego gani, kilo ngapi. Siku hizi wazee wa BMU humwita kijana aliyesomea kompyuta, pengine katoka Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, wakamwambia, "Mwanangu, tutilie hili daftari kwenye mashine." Maneno hayo hayo husemwa na chama cha akiba Gongoni, na mwenye hoteli Watamu, na mwenye duka la dawa Mariakani. Ushauri huu ni wa kijana huyo. Nitashikilia mfano wa samaki kwa kuwa unabeba karibu kila tatizo. Anayeshughulikia wagonjwa au wapangaji atajiona humu.

Kuchagua programu hakuhitaji kikao. Ikiwa anayeandika ni mmoja kwenye kifaa kimoja, SQLite inatosha. Wakiwa wengi wanaoandika kwa pamoja, chukua PostgreSQL au MySQL. Swali lenye uzito ni jingine: mstari mmoja wa jedwali lako ni kitu gani? Humu nitaita mstari kile kinachokwenda upande, na safu kile kinachoshuka chini, kama safu ya uzito au safu ya tarehe. Asiyeweza kulijibu swali hilo kwa sentensi moja fupi, kwa kila jedwali, asiandike amri hata moja bado.

Mstari wa kawaida wa daftari husomeka hivi:

12/4 – Charo – mashua – saa 2 – changu, tafi 7½ – jarife – 250

Karani aliyeuandika anausoma bila kusita. Anajua Charo ni yupi miongoni mwa akina Charo wa pale. Anajua saa 2 ni ya asubuhi, anajua kilo saba na nusu ni za samaki wote kwa jumla, na kwamba 250 ni shilingi za kilo moja alizotoa mama karanga, yaani mwanamke anayenunua samaki wa kukaanga na kuuza, maana bei ya tajiri, yule mnunuzi wa jumla, ilikuwa nyingine na hakuiandika. Nusu ya habari iko kwenye karatasi, nusu iko kichwani mwake. Akiugua wiki mbili, nusu ile ya pili inalala naye nyumbani. Kupanga majedwali ni kuitoa hiyo nusu ya kichwani na kuipa mahali pa kukaa.

Mwenye haraka hufungua jedwali moja, akalipa safu saba kufuata vistari vya daftari, akasema kazi imekwisha. Tuseme basi siku hiyo changu walikuwa kilo 5 na tafi kilo 2.5. Changu wote kachukua tajiri. Tafi wamegawana mama karanga wawili, kila mmoja kwa bei aliyoelewana na nahodha. Mstari mmoja hauwezi kuyasema hayo bila kudanganya. Ukirudufu mstari mara tatu, chombo kimoja kitaonekana kimekwenda baharini mara tatu, na ukija kuhesabu safari za Aprili utapata idadi isiyokuwepo.

Humo kumejificha vitu vitatu, na kila kimoja kinataka jedwali lake. Safari: chombo kimoja kimetoka na kurudi mara moja. Mavuno: aina moja ya samaki katika safari moja. Mauzo: mnunuzi mmoja kachukua kiasi fulani cha mavuno kwa bei moja. Mstari wa mavuno unabeba namba ya safari yake, mstari wa mauzo unabeba namba ya mavuno yake, na kompyuta inaagizwa kukataa mavuno yasiyo na safari. Hiyo namba inayoelekeza kwenye jedwali jingine ndiyo ufunguo rejea. Wazo la kuunganisha majedwali kwa thamani zilizomo ndani yake, badala ya njia za siri za mashine, lilitolewa na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa IBM huko California, katika makala ya Juni 1970. Lugha za programu zimekuja na kupita tangu wakati huo, na majedwali yake bado yapo.

Bei nayo ina mahali pake. Wengi hushawishika kuitia kwenye orodha ya samaki: changu, mia tatu. Lakini bei hailingani asubuhi na mchana wa siku ile ile, sembuse kusi na kaskazi. Ukiiweka kwenye orodha ya samaki, siku utakayoibadilisha utakuwa umebadilisha na mauzo yote ya mwezi uliopita bila kujua, na mgao ambao mabaharia wameshakula utaonekana haukuwa sahihi. Bei ni ya mauzo yale, siku ile, kwa mnunuzi yule.

Kuhusu mabaharia, usiandike safu za baharia1, baharia2, baharia3. Mtumbwi wa watu wawili utaacha nafasi tupu, mashua ya wanane itakosa mahali, na ukitaka kujua mtu fulani ametoka mara ngapi mwezi huu itabidi umtafute katika safu zote moja moja. Weka jedwali ambalo mstari wake ni mtu mmoja katika safari moja, na humo humo utaandika kama alikuwa nahodha na sehemu yake ya mgao ni ngapi. Sehemu ya chombo chenyewe, ile inayochukuliwa na mwenye chombo, nayo itafutiwe mahali mapema, maana ndiyo inayoleta maneno.

Sasa majina, na hapa pwani yetu ina fundisho lake. Kwa Wagiriama mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, na jina la pili la mtu kwa kawaida ni la babake. Karisa, mwana wa Charo, akipata mwana humwita Charo. Kwa hiyo baba ni Karisa Charo, mwana ni Charo Karisa, na babu aliyeacha jina anaweza kuwa Charo Karisa vile vile. Wote watatu wanaweza kuwa wanachama wa BMU moja, na mara nyingine wa mashua moja. Mfumo unaomtambua mtu kwa jina lake utamkataa mjukuu au, vibaya zaidi, utamwandikia mapato ya babu. Mfumo unaopanga majina kwa alfabeti bila kujali lipi limetangulia utamchanganya baba na mwana. Ongeza tofauti za uandishi, Kadzo na Kazo, Katana na Kattana, na utaona kwa nini jina halifai kuwa ufunguo mkuu wa jedwali, yaani kile kinachoutambulisha kila mstari.

Walioshughulika na jambo hili kwa upana kuliko wote hapa ni watu wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, walioanza kazi Kilifi mwaka 1989. Tangu mwaka 2000 wameendesha sajili ya wakazi katika eneo la kilomita za mraba 891 kuizunguka hospitali ya Kilifi, na watu wao hupita boma kwa boma, mwaka baada ya mwaka, wakiandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Mgonjwa anapolazwa hutafutwa katika sajili ile, ndipo ijulikane ugonjwa fulani unawapata wangapi kati ya watu wangapi. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila kila mtu kuwa na namba yake isiyobadilika, atakapoolewa Ganze, atakapokwenda kutafuta kazi Mombasa, na atakaporudi.

Sajili za aina hii zina jambo la kuigwa hata na mwenye jedwali dogo. Mtu ni mstari mmoja, na ukaazi wake ni mistari mingine: kaanza kuishi hapa tarehe hii, kaondoka tarehe ile. Ukitaka idadi ya wakazi wa siku fulani, unaihesabu kutokana na matukio hayo. Fanya hivyo kwa vyombo. Mashua huuzwa, hurithiwa, huhamishwa kutoka Uyombo ikaenda Mayungu. Ukiwa na safu moja tu iitwayo mwenye_chombo, kila anaponunua mtu mpya historia inafutika, na safari za mwaka jana zinageuka kuwa za mwenye mashua wa leo. Weka jedwali la umiliki lenye chombo, mtu, kuanzia lini, hadi lini. Safu ya mwisho ikiwa tupu, huyo ndiye mwenye nacho sasa.

Ufunguo wenyewe uwe namba tu inayotolewa na kompyuta, isiyo na maana yoyote. Mafundi wengi hupenda ufunguo unaojieleza, mfano MYG-MSH-014, yaani Mayungu, mashua, ya kumi na nne. Unapendeza mpaka chombo kihame. Kisa cha jambo hili kimo kwenye bahari yetu wenyewe. Tarehe 12 Desemba 1970, miaka saba kamili baada ya Kenya kupata uhuru, setilaiti ya kwanza iliyoundwa kuchunguza eksirei za angani pekee ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama majini mbele ya Ngomeni, ikaitwa Uhuru. Orodha yake ya nne, iliyotoka mwaka 1978, ina vyanzo 339, na kila kimoja kimepewa jina lililobeba mahali pake angani. 4U 1700-37 maana yake ni orodha ya nne ya Uhuru, saa 17 na dakika 00, digrii 37 kusini. Lakini mhimili wa dunia huyumba polepole, na vipimo vya anga hurekebishwa kuufuata. Kwa vipimo vinavyotumika leo chanzo hicho kiko karibu na saa 17 na dakika 4, na digrii zake zinakaribia 38. Wanaastronomia wanaendelea kukiita 4U 1700-37, na wamejifunza kutolisoma jina hilo kama anwani. Wao wana safu nyingine yenye mahali halisi. Nawe ukitaka kuonyesha bandari na aina ya chombo, viweke katika safu zake. Namba ya usajili iliyopakwa ubavuni mwa mashua iwe na safu yake pia, pamoja na sharti kwamba isijirudie, lakini isiwe ndiyo inayounganisha majedwali.

Kufikia hapo ndipo tuzungumze aina za data. Aina ya data ni bawabu: kazi yake ni kumzuia mlangoni asiyestahili kuingia. Ukiifanya kila safu kuwa maandishi matupu umemlaza bawabu, na katika safu ya uzito utakuja kukuta "saba na nusu", "7,5", "kama 8" na "fungu 3" zimekaa pamoja.

Kuna tarakimu zisizo namba. Jiulize kama kuna siku utazijumlisha au kutafuta wastani wake. Nambari ya simu haijumlishwi, basi ni maandishi. Ukiihifadhi kama namba, sifuri ya mwanzo ya 07 au 01 inapotea, na ukiiandika kwa 254 mbele inakuwa ya tarakimu kumi na mbili, ilhali INTEGER ya kawaida inaishia 2,147,483,647. Kitambulisho, vivyo hivyo. Msimbo wa kaunti yetu ni 003, nao ukigeuka 3 hautaoana na jedwali lolote la serikali lililouandika kwa ukamilifu. Msimbo wa posta wa Malindi, 80200, haupungukiwi na kitu ukiwa namba, lakini hauna sababu ya kuwa namba. Msimbo wa muamala wa M-Pesa ni herufi na tarakimu kumi. Uwe maandishi ya urefu huo hasa, wenye sharti la kutojirudia, ili malipo yale yale yasiandikwe mara mbili na makarani wawili. Simu isiwe ufunguo wa mtu: laini hupotea, na mke na mume hutumia moja.

Anayepitishia data kwenye Excel kabla ya kuitia kwenye jedwali awe macho zaidi. Programu hiyo huamua yenyewe kwamba kitu fulani ni tarehe au namba. Wanasayansi wa jeni walisumbuka nayo miaka mingi, hadi mwaka 2020 wenye mamlaka ya majina ya jeni wakaona heri wabadilishe majina yenyewe: MARCH1, iliyokuwa ikigeuzwa kuwa tarehe ya Machi, ikaitwa MARCHF1. Sayansi nzima imehamisha majina kuikimbia tabia ya programu moja, nawe usidhani itakuonea huruma.

Kwa fedha na uzito, usitumie FLOAT wala DOUBLE. Aina hizo huhifadhi sehemu za kumi kwa kukadiria, ndiyo maana ukiiambia kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2 hukupa 0.30000000000000004. Kwa kilo chache hutaona. Kwa mgao wa msimu mzima, senti zitakataa kulingana, na wazee hawataki kusikia habari za sehemu za kumi. Kwenye PostgreSQL au MySQL tumia NUMERIC, au DECIMAL kama inavyoitwa pia, yenye tarakimu mbili baada ya nukta. Kipimo kiandikwe katika jina la safu: uzito_kg, bei_kwa_kg. Sharti liwekwe pia, uzito uzidi sifuri. Baadhi watasema pwani hakuna anayeshika senti, hivyo shilingi nzima inatosha. Ni kweli kwa mauzo ya ufuoni. Ila chama cha akiba kinachokokotoa faida kitazihitaji, na safu ya fedha haipanuki kwa urahisi ikishajaa.

Saa inataka maelezo zaidi, kwa sababu sisi tunaihesabu kivyetu. Nahodha akisema amerudi saa mbili, ni saa mbili baada ya jua kuchomoza, nayo mashine inaiita 08:00. Karani mmoja anaandika 2:00 jinsi alivyoambiwa, mwenzake anageuza kichwani akaandika 8:00, na safu moja inabeba hesabu mbili zilizoachana kwa saa sita. Hakuna aina ya data itakayoligundua hilo, maana zote mbili ni saa halali. Dawa iko kwenye fomu: muulize karani kwa saa ya Kiswahili pamoja na alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha programu igeuze yenyewe. Usimwachie mtu aliyekesha kazi ya kuongeza sita.

Usitenganishe tarehe na saa za safari. Mvuvi wa usiku hutoka tarehe 12 saa kumi na moja jioni akarudi tarehe 13 saa kumi na mbili asubuhi. Ukiwa na safu moja ya tarehe na mbili za saa, kompyuta itatoa 17:00 katika 6:00 ikakuambia safari ilichukua saa −11, yaani kumi na moja chini ya sifuri. Alikaa baharini saa kumi na tatu. Safu ziwe mbili tu, kutoka na kurudi, kila moja ikiwa TIMESTAMP kamili, na sharti kwamba kurudi kuwe baada ya kutoka. Siku nayo, kwa wengi wetu, huanzia magharibi. Usiku wa kuamkia Ijumaa si usiku wa Ijumaa wa kalenda ya kompyuta. Fomu iulize kwa namna isiyoacha shaka.

Sisi hatubadilishi saa kwa msimu, tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia mwaka mzima, hivyo BMU inaweza kuishi bila kujali kanda za saa. Hoteli ya Malindi haiwezi. Mgeni wa Italia yuko saa mbili nyuma yetu kipupwe cha kwao na saa moja nyuma kiangazi chao, na gari la kumpokea uwanjani likitumwa kwa hesabu ya Januari mwezi wa Julai litakosea. Hifadhi kwa aina yenye kanda ya saa, onyesha kwa saa ya msomaji. Tarehe iandikwe 2024-05-04, mwaka ukitangulia. 04/05 ni Mei kwetu na Aprili kwa Mmarekani aliyeandika programu uliyopakua.

Tarehe za kuzaliwa ni jambo jingine. Wazee wengi wa Magarini na Ganze wanajua mwaka, au wanajua njaa fulani waliyozaliwa nayo, na kitambulisho kikaandikwa Januari mosi kujaza pengo. Usilazimishe DATE kamili. Weka mwaka wa kuzaliwa, mwezi na siku zikiruhusiwa kubaki tupu, na safu fupi inayosema mwaka wenyewe ni wa hakika au wa kukisia. Umri usiuhifadhi kamwe. Mwakani utakuwa uongo.

Mahali pa kuvulia, kama mnatumia simu yenye GPS, panahitaji namba mbili za desimali. Malindi iko karibu digrii 3.22 kusini na 40.12 mashariki, na kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Ikisahaulika, mashua imevua nchi kavu, Kaunti ya Mandera, si mbali na Takaba. Ukizibadilishana namba zenyewe, imevua Uhispania, kusini-mashariki mwa Madrid. Sharti dogo linamaliza yote mawili: latitudo iwe kati ya −4.1 na −2, longitudo kati ya 39 na 42. Tarakimu tano baada ya nukta zinafika takriban mita moja, ambayo mashua inayoyumba haiitaki. Hata hivyo nafasi haina gharama. Kilicho na gharama ni siri. Wavuvi hawapendi miamba yao ya tewa ijulikane, na wasipoaminishwa kwamba namba zile hazitazagaa watakuandikia mahali pa uongo.

Nimeliacha hili la sifuri na tupu hadi sasa kwa kuwa ndilo linaloharibu takwimu nyingi kuliko mengine yote. Chukua asubuhi ya Mei, kusi limeshaanza. Mtu anafika ufuoni, nahodha anaburura mtumbwi.

"Leo vipi?"

"Hamna kitu."

Karani, kwa kuwa hakuna cha kupima, haandiki. Mwisho wa mwezi daftari lina safari zilizoleta samaki pekee, na wastani wa kilo kwa safari unatoka mzuri kuliko miezi ya neema. Aliyeko ofisini anasoma kwamba bahari imenona wakati watu wamelala na njaa.

Mambo matatu yamechanganywa hapo. Chombo kimetoka na hakikupata kitu. Chombo hakikutoka. Karani hakuwepo. Katika mpangilio wetu, la kwanza ni mstari wa safari usio na mstari wowote wa mavuno, na ni lazima uandikwe. La pili na la tatu yote hayana mstari, kwa hiyo hayatofautiki mpaka uongeze jedwali dogo la siku za uandikishaji: mstari mmoja ni siku moja katika bandari moja ambayo karani alikuwepo. Siku iliyomo mle na haina safari, vyombo havikutoka. Siku isiyomo, hatujui, na haingizwi kwenye wastani. Ni jedwali la safu tatu hivi. Kama una nguvu ya kupigania kitu kimoja mbele ya kamati inayotaka fomu iwe fupi, pigania hilo.

Thamani tupu, NULL, ina tabia zake. Ukiwa na safari tatu zenye kilo 6, sifuri na sifuri, wastani ni 2. Sifuri moja ikiachwa tupu, kompyuta huiruka, na wastani wa 6 na sifuri ni 3. Ukiomba mauzo yote ambayo bei yake si 250, yale yasiyoandikwa bei hayatatokea, maana tupu haijulikani kama ni 250 au siyo. Kwa hiyo kwa kila safu amua tangu mwanzo kama inaruhusiwa kuwa tupu, na utupu wake una maana gani. Uzito wa mavuno usiruhusiwe. Bei iruhusiwe, kwa sababu samaki wa kitoweo cha nyumbani hawana bei, na hao si sawa na samaki waliouzwa kwa sifuri.

Safu za ndiyo na hapana hupendwa mno. Ana leseni? Ndiyo. Mpaka lini? Mwaka wa pili yule ndiyo bado amekaa pale. Andika tarehe leseni inapoisha, na jibu la ndiyo au hapana utalipata kila siku bila mtu kuligusa.

Aina za samaki na mitego zisiandikwe kwa mkono. Ziwe orodha katika majedwali yake, karani achague. Changu peke yake ni jina la samaki kadhaa wa jamii moja, na mtu wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, akija atataka kuwatenganisha. Basi weka jedwali la aina na jingine la majina ya kienyeji, aina moja ikiruhusiwa majina mengi. Hapo hapo acha mstari wa "changu, haijabainishwa", la sivyo karani atalazimika kubahatisha. Mtego uliokatazwa uwemo kwenye orodha pia. Juya lisipokuwepo, samaki wa juya wataandikwa kuwa wa jarife, na sheria haitakuwa imelindwa kwa lolote.

Nambari za vitambulisho na habari za afya usizikusanye kwa mazoea. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakubana hata ukiwa na jedwali moja tu kwenye kompyuta ya mkononi.

Ukija kuyahamisha madaftari ya zamani, usiyatie moja kwa moja kwenye majedwali haya yenye masharti. Fungua jedwali la kupokelea ambalo safu zake zote ni maandishi, pamoja na safu za daftari, ukurasa na mstari ulikotoka. Andika humo kila kitu kama kilivyo, "7½" na "kama 8" na jina lililopigwa mstari. Kisha hamisha yanayopita masharti, na uyaache yaliyokataliwa hapo hapo. Kaa na karani wa wakati huo, ikiwa yu hai na yuko karibu, mpitie yaliyokataliwa moja moja. Atakuambia Charo ni yupi. Anachokueleza kiandikwe katika safu ya maelezo pamoja na jina lake na tarehe, na asichokumbuka kibaki katika jedwali la kupokelea bila kukisiwa.